Kompyuta Iliyolemewa na Kurasa

1. Korosho na kompyuta

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili jirani katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Watu wake wengi ni wakulima, na mojawapo ya mazao yao makubwa ya kuuza ni korosho. Wakati wa msimu mabibo huanguka chini ya miti pamoja na korosho zake. Watu huziokota, huzitenga na mabibo, huzianika juani, huzichagua nzuri na mbaya, kisha huzitia katika magunia na kuzipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika. Hapo hupimwa kwa mizani, na uzito wa kila mkulima huandikwa. Halafu magunia huenda kwenye ghala kuu kungoja mnada.

Mpango huo huitwa stakabadhi ghalani, nao ulianza kutumika katika korosho mwaka 2007. Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vina chama kikuu kiitwacho RUNALI, na jina hilo limeungwa kwa mianzo ya majina ya wilaya hizo tatu.

Zamani karani aliandika kila kitu kwa kalamu katika daftari. Siku hizi kazi nyingi za namna hiyo hufanywa kwa kompyuta. Na tangu msimu wa mwaka 2024 hata mnada wenyewe umefanywa kwa mtandao, kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania. Kwa hiyo kompyuta ikikwama wakati wa msimu, mkulima naye hukwama. Somo hili laeleza sababu moja kubwa ya kukwama huko, na jinsi ya kuitafuta na kuiondoa.

2. Ghala na meza

Mwanafunzi na afikiri ghala kubwa lenye magunia mengi. Mbele ya ghala pana meza moja ya kuchagulia korosho. Wachaguzi hawafanyi kazi ndani ya ghala, maana ni giza na magunia yamepangwa hata darini. Hutoa gunia moja, hulimwaga mezani, huchagua, kisha hulirudisha. Ghala ni kubwa, lakini kazi yote hufanyika mezani.

Kompyuta nayo ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni diski, ndiyo ghala lake. Barua, picha na hesabu zilizohifadhiwa hukaa humo, wala hazipotei umeme ukizimika. Pa pili ni kumbukumbu, ambayo watu wa madukani huiita RAM, nayo ndiyo meza. Kila jambo ambalo kompyuta inalifanya sasa hivi limewekwa mezani. Umeme ukikatika, meza hufagiliwa mara moja, na kila kilichokuwa juu yake ambacho hakijarudishwa ghalani hupotea.

Meza ikijaa itakuwaje? Wachaguzi hawana budi kuondoa gunia moja na kulirudisha ghalani ili wapate nafasi ya jingine. Kisha lile la kwanza likihitajiwa tena, lazima waondoe la pili. Basi watu hao watashinda wakienda na kurudi, na korosho hazichaguliwi. Mtu akiwatazama kwa mbali atadhani ni wavivu, kumbe wamechoka kwa kubeba.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, huchukua sehemu ya mambo yaliyomo na kuyaweka kwenye diski kwa muda, kisha huyarudisha yakihitajiwa. Lakini diski, hasa ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, ni nzito mara maelfu mengi kuliko kumbukumbu. Ndiyo sababu kishale hakisogei, maneno yaliyopigwa hayaonekani, na taa ndogo ya diski yawaka na kuzimika pasipo kupumzika. Hapo watu husema, kompyuta imeganda.

3. Kwa nini kivinjari hula nafasi nyingi

Programu ya kufungulia kurasa za intaneti huitwa kivinjari. Katika kompyuta za watu wengi, hiyo ndiyo inayokula nafasi kubwa kuliko programu nyingine. Sababu zake hazifichiki.

Kurasa za kwanza zilikuwa nyepesi sana. Mwingereza Tim Berners-Lee alitoa shauri la mtandao wa kurasa mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN karibu na Geneva, huko Uswisi; na ukurasa wa kwanza ulikuwa maneno matupu, ukiwa na viungo vya kumpeleka msomaji kwenye kurasa nyingine. Mwaka 1993 kilitokea kivinjari kilichoitwa Mosaic, kilichoonyesha picha pamoja na maneno. Tangu hapo kurasa zikazidi kunenepa: picha kubwa, filamu, ramani, matangazo ya biashara, na programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya ukurasa hata kama hakuna anayeutazama.

Tena, zamani ukurasa mmoja ukiharibika, kivinjari chote kilianguka pamoja nao. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilitoa kivinjari cha Chrome, ambacho kilitenga kurasa, kila mmoja upate chumba chake, ili mmoja ukiugua mwingine usiambukizwe. Vivinjari vingine vikubwa vikafuata njia kama hiyo. Hilo ni jambo jema, lakini lina gharama: vyumba vingi vyataka nafasi nyingi. Kwa hiyo mtu mwenye vichupo 30 vilivyofunguliwa, yaani kurasa 30 zilizopangwa juu ya kioo, amemwaga magunia 30 mezani kwa wakati mmoja, ingawa macho yake yatazama moja tu.

Mtu asidhani kuwa meza za siku hizi ni ndogo. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 iliuzwa kwa kumbukumbu ya kilobaiti 16 katika umbo lake la chini kabisa. Kompyuta yenye gigabaiti 4, ambayo leo huhesabiwa kuwa ndogo, ina nafasi mara 262,144 ya ile. Hata hivyo hujaa, maana mzigo nao umekua.

4. Karani, mwalimu na bibi

Mfano ufuatao utaonyesha jambo lenyewe.

Palikuwa na karani wa chama cha msingi katika kijiji kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa. Ilikuwa mwezi wa Novemba, na orodha ya wakulima ilitakiwa kupelekwa jioni ile. Karani alikuwa akiandika majina na uzito katika ukurasa wa intaneti, naye alikuwa kijana hodari, lakini hakuwa na desturi ya kufunga kitu alichokifungua. Tangu asubuhi alikuwa amefungua bei za korosho, barua zake, magazeti matatu, nyimbo, na filamu ya mchezo wa Namungo, timu ya mpira ya Ruangwa.

Bibi mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye benchi. Alileta magunia yake, yakapimwa, yakawa kilo 184. Karani akaandika jina lake na uzito, akabofya neno "Hifadhi". Kompyuta ikanyamaza. Akabofya tena, ikanyamaza. Akabofya mara ya tatu kwa hasira, na kishale kikasimama pale pale.

Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, jina langu limeingia?"

Karani akajibu, "Subiri kidogo, bibi. Mashine imeganda. Nitaizima, niiwashe upya."

Akanyosha mkono ili abonyeze kitufe cha kuzimia. Wakati huo mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amekuja kuuliza habari za korosho zake. Akamwamkia bibi kwa heshima, kisha akamwambia karani, "Ngoja kwanza. Ni majina mangapi umeyaandika ambayo hayajahifadhiwa?"

Karani akafikiri. "Tisa, mwalimu. Pamoja na la bibi."

"Basi ukizima, hayo tisa yatapotea. Na tuiulize mashine kwanza kama imekufa au imelemewa."

Mwalimu akabonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ndogo ikakawia, kisha ikawaka. Akasema, "I hai. Ingalikuwa imekufa kabisa, taa hii isingaliitika. Tazama na taa ya diski, yawaka na kuzimika. Inabeba mizigo."

Akaondoa mikono, akangoja dakika mbili bila kugusa kitu. Kishale kikasogea kidogo. Ndipo akabonyeza vitufe vitatu pamoja, Ctrl, Shift na Esc, na baada ya kitambo ikatokea orodha ya kazi zote za kompyuta ile, iliyokuwa ya Windows. Juu ya orodha palikuwa na safu ya kumbukumbu, na hesabu yake ilikuwa asilimia 97. Mwalimu akabofya kichwa cha safu hiyo, na kazi zikajipanga kutoka kubwa hata ndogo. Ya kwanza ilikuwa kivinjari, nacho kilikuwa kimechukua karibu gigabaiti 2.9 katika gigabaiti 4 zilizokuwamo.

Karani akasema, "Basi tukifunge kivinjari chote!"

Mwalimu akakataa. "Ukurasa wa wakulima nao umo ndani yake. Ukichoma nyumba ili kumfukuza panya, utalala wapi? Kivinjari hiki kina orodha yake cha chenyewe."

Akarudi kwenye kivinjari, akabonyeza Shift na Esc. Ikatokea orodha ya pili, yenye jina la kila ukurasa na nafasi iliyouchukua. Mkubwa kuliko wote ulikuwa ule wa filamu ya mpira. Wa pili ulikuwa gazeti lililojaa matangazo yanayocheza. Mwalimu akauchagua wa kwanza, akaumaliza. Akauchagua wa pili, akaumaliza. Na baada ya kila mmoja alitazama hesabu ya kumbukumbu ikishuka. Ilipofika asilimia 71, kishale kikaanza kukimbia kama kawaida, na maneno "Imehifadhiwa" yakatokea mbele ya macho yao.

Karani akafurahi, akataka kupeleka orodha. Lakini mwalimu akamwambia, "Linganisha kwanza na daftari la mizani."

Wakasoma jina kwa jina. Walipofika kwa bibi, wakaona jina lake limeandikwa mara tatu, kila mara kilo 184. Jumla yake imekuwa kilo 552, ilhali magunia yake yalikuwa na kilo 184 tu. Mashine ilipoganda haikusahau mbofyo hata mmoja. Ilizipanga zote, na ilipopata nafasi ikazitimiza zote tatu. Kama orodha ile ingalipelekwa, kilo 368 ambazo hazikuwapo zingaliandikwa kuwa zimo ghalani. Uzito wa ghala usingalilingana na orodha, na malipo ya bibi yangalizuiliwa mpaka jambo lichunguzwe. Pengine hata yeye angalitiliwa shaka, naye hana kosa.

Karani akanyamaza kimya. Akafuta mistari miwili iliyozidi, akaihesabu jumla upya, akamwandikia bibi stakabadhi yake. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaifunga katika pindo la khanga yake. Akasema, "Mashine yako, mjukuu wangu, ina tabia ya punda. Ukimzidishia mzigo husimama, ukimpiga hasogei."

5. Taratibu ya kutafuta kosa

Katika mfano huo mwanafunzi ataona taratibu ambayo yafaa kufuatwa na kila mtu.

Kwanza, ondoa mikono. Kila kitufe kinachobonyezwa ni mzigo mpya, na huenda kikatimizwa baadaye kwa namna isiyotakiwa.

Pili, ichunguze mashine kama i hai. Taa ya Caps Lock ikiitika, au kishale kikisogea hata kidogo, kuna tumaini. Ingoje dakika chache.

Tatu, fungua orodha ya kazi na uzipange kwa kumbukumbu. Usikisie, soma hesabu.

Nne, punguza mzigo mmoja mmoja, ukianza na mkubwa usio na kazi yako ndani yake. Baada ya kila mmoja tazama hesabu tena. Mtu aondoaye vitu kumi kwa mara moja hatajua ni kipi kilicholeta shida.

Tano, kivinjari kisipoitika kabisa, kimalize chote katika orodha ya kazi. Utapoteza maneno yasiyohifadhiwa katika kurasa zake, lakini programu nyingine zitasalimika. Kikifunguliwa tena, usirudishe kurasa zote za zamani. Rudisha ile unayoihitaji.

Sita, kila njia ikishindwa, bonyeza kitufe cha kuzimia na ukishike kwa muda mpaka mashine izimike. Hilo ni jambo la mwisho. Yote yaliyokuwa katika kumbukumbu hupotea, na faili lililokuwa likiandikwa kwenye diski laweza kuharibika.

Saba, mashine ikipona, hakikisha kazi yako dhidi ya maandishi mengine.

6. Magonjwa yanayofanana

Homa si malaria daima, na kompyuta iliyosimama si lazima iwe imejaa kumbukumbu. Mganga mzuri hupima kabla ya kutoa dawa.

Ikiwa ukurasa haufunguki, lakini kishale chakimbia na programu nyingine zafanya kazi vizuri, basi huenda shida ni mtandao. Kufunga vichupo hakutaongeza nguvu za mnara wa simu.

Ikiwa kumbukumbu ina nafasi, lakini safu ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, imefika asilimia 100, kuna programu inayofanya hesabu bila kukoma. Itafute katika safu hiyo.

Ikiwa mashine ni ya moto sana na feni yake yavuma, huenda vumbi limeziba matundu yake. Katika nchi yenye vumbi jingi wakati wa kiangazi, jambo hilo ni la kawaida. Mashine yenye joto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue.

Ikiwa diski imejaa kabisa, mashine haina mahali pa kuweka mizigo inayotoka mezani. Hapo yafaa kuondoa faili zisizotakiwa.

Tena ikiwa kumbukumbu hujaa ingawa ukurasa ni mmoja tu, chunguza viongezi, yaani programu ndogo zilizobandikwa kwenye kivinjari. Vizime vyote, kisha uviwashe kimoja kimoja, mpaka mwenye kosa aonekane. Kama si hivyo, huenda ukurasa wenyewe umeandikwa vibaya, ukichukua nafasi bila kuirudisha. Ukurasa wa namna hiyo hufungwa na kufunguliwa upya kila baada ya muda.

7. Kuzuia ni bora

Mtu mwenye busara hangoji meza ijae. Ukurasa uliokwisha kusomwa na ufungwe. Ukurasa utakaohitajiwa kesho na utiwe alamisho, ili upatikane kwa urahisi bila kukaa wazi usiku kucha. Kazi na ihifadhiwe kila baada ya muda mfupi, hasa mahali ambapo umeme hukatika. Kivinjari na kisasishwe, maana vivinjari vipya huweza kulaza vichupo visivyotazamwa ili nafasi yao itumiwe na vingine. Na ikiwa kazi yenyewe ni kubwa kweli, chama au shule na inunue kumbukumbu ya kuongeza, iwapo mashine yaipokea. Mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko ya kompyuta mpya.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mashine haina akili ya kukataa mzigo. Hupokea kila inachopewa mpaka isimame. Akili hiyo ni ya mtu anayeitumia.

Maswali

1. Diski na kumbukumbu hutofautianaje? Eleza kwa mfano wa ghala na meza.
2. Kwa nini kompyuta huenda polepole kumbukumbu yake ikijaa?
3. Kwa nini mwalimu alikataa kukifunga kivinjari chote?
4. Jina la bibi liliandikwa mara tatu kwa sababu gani? Ni hasara gani ambayo ingalitokea?
5. Utajuaje kama shida ni mtandao, wala si kumbukumbu?
6. Hesabu: Kompyuta ina gigabaiti 4. Mfumo wake wachukua gigabaiti 1.5, na kila ukurasa wachukua gigabaiti 0.125. Ni kurasa ngapi zitakazojaza kumbukumbu?
7. Andika kwa maneno yako mwenyewe taratibu ambayo ungemfundisha karani mpya siku yake ya kwanza kazini.